Maisha ya Tabibu Ibn Sina na Mafunzo Yake Juu ya Kuhifadhi Afya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: mara hii tumependa kuwaeleza ndugu zetu habari za mtu ambaye jina lake halikosi kutajwa kila Waislamu wanapojifakhiri kwa elimu ya wakale wao. Lakini kujifakhiri ni jambo moja, na kupata mazingatio ni jambo jingine. Mtu huyu aliwafundisha walimwengu namna ya kuhifadhi afya kwa mamia ya miaka, na yeye mwenyewe alikufa kwa ugonjwa alioutungia kitabu. Basi yatupasa tuyasome maisha yake kwa macho mawili: jicho la kuitukuza elimu yake, na jicho la kujihadhari na yaliyompata.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Abu Ali al-Husein bin Abdillahi bin Sina. Alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladia) katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, ambao hivi leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, akitumikia dola ya Wasamani. Alipoona akili ya mwanawe alimtafutia walimu, na hata kijana alipotimia miaka kumi alikuwa amekwisha kuihifadhi Qur'ani nzima na kusoma vitabu vingi vya adabu. Fiqhi aliisoma kwa Sheikh Ismail az-Zahid, na hesabu za Kihindi alipelekwa akajifunze kwa muuza mboga. Tazameni, ndugu zetu, jinsi mzee yule asivyoona haya mwanawe kuketi mbele ya mtu wa sokoni, maadamu kwake kuna elimu.

Kisha akaingia katika elimu ya tiba. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, matabibu watu wazima walikuwa wakija kusoma kwake. Hata Amiri wa Bukhara, Nuh bin Mansur, alipougua na matabibu wake wakashindwa, kijana huyu aliitwa akashirikiana nao katika kumtibu. Akapewa ruhusa ya kuingia katika maktaba ya Amiri, nayo ilikuwa na vyumba vingi, kila chumba kimejaa masanduku ya vitabu vya fani moja. Alipofika miaka kumi na minane alikuwa amekwisha kuzimaliza elimu zote hizo.

Usiku alikuwa halali ila kidogo, taa i mbele yake. Suala linapomtatiza alikwenda msikitini, akasali na kumwomba Mola wake amfungulie. Lakini amemsimulia mwanafunzi wake vile vile kwamba usingizi unapomlemea, au anapohisi udhaifu, alikuwa akinywa bilauri ya kinywaji mpaka nguvu zimrudie, kisha akaendelea kusoma. Na wengi wamefahamu kwamba kinywaji hicho kilikuwa ni mvinyo. Hatulitaji jambo hili kwa kumfichulia aibu aliyekufa, kwani ni yeye mwenyewe aliyelieleza. Twalitaja kwa kuwa ndio mwanzo wa habari yetu: mwili ulidai usingizi, naye akaulipa kwa kitu kingine.

KITABU CHAKE CHA QANUNI

Baada ya kufa baba yake, Ibn Sina alitoka Bukhara, akatangatanga miji ya Khwarazm na Khurasan mpaka akafika Jurjan. Huko ndiko alikompata mwanafunzi wake mwaminifu, Abu Ubeid al-Juzjani, aliyefuatana naye mpaka siku ya kufa kwake na kuandika habari zake. Huko vile vile ndiko alikoanza kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Qanun fi't-Tibb, alichokimaliza miaka mingi baadaye. Kitabu hiki kina juzuu tano. Katika karne ya 12 Miladia kilitafsiriwa kwa Kilatini katika mji wa Toledo na Gerard wa Cremona, na vyuo vikuu vya Ulaya vikakisomesha mpaka karne ya 17. Mwaka 1593 kilipigwa chapa kwa Kiarabu katika mji wa Roma.

Tunalotaka ndugu zetu walizingatie ni hili: Ibn Sina ameieleza tiba kuwa ni elimu ya kuihifadhi afya ikiwapo, na kuirudisha ikiondoka. Katika juzuu ya kwanza ameweka mlango mzima wa kuhifadhi afya, na kuutanguliza mbele ya mlango wa kutibu magonjwa. Amebainisha kwamba yako mambo sita ambayo hapana mtu awezaye kuyaepuka maadamu yu hai, nayo ndiyo yaujengayo mwili au kuubomoa: hewa anayoivuta, chakula na kinywaji, kwenda kwake na kutulia kwake, kulala na kuwa macho, hali za nafsi, kama ghadhabu, huzuni na furaha, na kutoka kwa taka za mwili au kuzuilika kwake. Hakuna hata moja katika sita haya linalonunuliwa kwa tabibu. Yote ni mambo ya kila siku, ya nyumbani na ya njiani.

Katika hayo ameyatanguliza mazoezi ya mwili, kisha chakula, kisha usingizi. Ameona kwamba mwenye kufanya mazoezi kwa kiasi na kwa wakati wake huepukana na madawa mengi. Amefunza kwamba mtu asile mpaka apate hamu, na aondoke chakulani hamu ingali imebaki, na hili ni jirani sana na mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.), aliyetuelekeza, kama alivyopokea Imamu at-Tirmidhi, kwamba ikiwa hapana budi basi theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi. Ameeleza pia kwamba maziwa ya mama ndiyo bora kwa mtoto, na kwamba muda wa kunyonya ni miaka miwili, kama ilivyo katika Qur'ani kwa anayetaka kutimiza.

Wala hakudanganya watu. Amesema wazi kwamba elimu hii haimzuilii mtu mauti. Kazi yake ni kuukinga mwili usiharibike kabla ya wakati wake. Ni kweli kwamba mengi katika msingi wa tiba yake, kama habari za michanganyiko minne ya mwili, yameachwa na madaktari wa leo. Lakini juu ya mazoezi, kiasi cha chakula na usingizi, madaktari wa leo wangali wakiyahimiza kama yeye, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 katika kila juma.

AMIRI WA HAMADHANI

Ibn Sina alifika mji wa Hamadhani, katika nchi ya Iran, wakati Amiri wake Shams ad-Dawla anaumwa na ugonjwa wa msokoto wa matumbo, uitwao kwa Kiarabu qulanji. Akakaa kwa Amiri siku arubaini, usiku na mchana, mpaka akapona. Amiri akampenda, akamfanya waziri. Askari wakaasi, wakaizunguka nyumba yake, wakataka auawe. Amiri akakataa kumuua, lakini akamwondosha kazini, naye akajificha katika nyumba ya rafiki yake siku arubaini. Maradhi yakamrudia Amiri. Ikabidi Ibn Sina atafutwe, aombwe radhi, na arudishiwe uwazirishi.

Juzjani ametueleza mwisho wa Amiri huyo. Alitoka kwenda vitani, na njiani qulanji ikamshika kwa nguvu, ikachanganyika na maradhi mengine yaliyoletwa na mwenendo wake mbaya na kutoyafuata maagizo ya tabibu wake. Askari wakamgeuza kumrudisha mjini, naye akafa njiani. Mfalme huyu alikuwa na tabibu mkubwa wa zama zake ndani ya kasri yake, na hakumfaa kitu, kwa sababu tabibu hawezi kula kwa niaba ya mgonjwa wala kulala kwa niaba yake.

MWENENDO WAKE MWENYEWE

Sasa na tumtazame tabibu mwenyewe. Mchana alikuwa katika kazi ya uwazirishi. Usiku wanafunzi hukusanyika nyumbani kwake, huyu akasoma katika kitabu cha Shifaa na yule katika Qanuni. Darasa likiisha, waimbaji huingia, vyombo vya ulevi vikatandikwa, na watu wakakesha. Mwili wake ulikuwa wenye nguvu nyingi, naye akaitegemea nguvu hiyo. Juzjani, aliyempenda kama mwana ampendavyo baba, hakuficha kwamba Sheikh wake alizidisha mno mambo ya matamanio, mpaka yakaidhuru tabia ya mwili wake.

Baada ya kufa Shams ad-Dawla, Ibn Sina alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Humo kifungoni aliandika vitabu, na kimoja katika hivyo ni kitabu juu ya ugonjwa wa qulanji. Kisha akatoroka kwa mavazi ya masufi, akaenda Isfahan kwa Amiri Ala ad-Dawla, akakaa huko kwa heshima kubwa.

MARADHI YAKE NA KUFA KWAKE

Katika vita moja vya Ala ad-Dawla, qulanji ilimshika yeye. Akaogopa kwamba jeshi likishindwa ataachwa nyuma, asiweze kusafiri; basi akataka apone upesi. Kwa siku moja alijitia dawa kwa njia ya haja kubwa mara nane, mpaka baadhi ya matumbo yake yakafanya vidonda. Pamoja na hayo akalazimika kusafiri kwa haraka, na kifafa kikamshika njiani. Akaagiza atiwe mbegu za karafsi kiasi cha daniki mbili, nayo ni theluthi ya dirham. Tabibu aliyemhudumia akatia dirham tano, yaani mara kumi na tano ya kiasi alichotaka. Juzjani anasema hajui kama alikusudia au alikosea. Watumishi wake nao, waliokuwa wamemwibia mali nyingi, wakamzidishia afyuni katika dawa yake.

Akachukuliwa mpaka Isfahan, hawezi kusimama. Akajitibu mpaka akaweza kutembea na kuhudhuria baraza ya Amiri. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuzindukana. Lakini hakujichunga, akarudia mazoea yake kabla hajapona sawasawa. Ikawa mara anapona na mara anaugua. Alipofuatana na Amiri kwenda Hamadhani, ugonjwa ukamrudia njiani. Alipofika akajua kwamba nguvu za mwili zimekwisha, na kwamba hazina tena uwezo wa kuyapinga maradhi. Akaacha kujitibu. Wasimulizi wameeleza kwamba alioga, akatubu, akatoa sadaka mali aliyokuwa nayo, akawaacha huru watumwa wake, akarudisha haki za watu aliowajua, na akawa akihitimu Qur'ani kila siku tatu. Akafa mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), umri wake miaka 58 ya mwezi, akazikwa Hamadhani. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi hali yake, na rehema yake ni pana.

MAZINGATIO

Twajua kwamba wanavyuoni, na mbele yao Imamu al-Ghazali, walimpinga vikali katika mambo ya falsafa yanayogusa itikadi, nasi hatumtetei katika hayo. Lakini Imamu al-Ghazali huyo huyo ameihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, ambayo mji mzima ukiikosa watu wake wote wana dhambi.

Mazingatio yetu ni haya. Kwanza, kujua siko kutenda. Hakuna aliyekuwa akijua kuliko Ibn Sina, na ujuzi wake haukumkinga na mazoea yake. Pili, nguvu za ujana humdanganya mtu; hutumia leo na kudhani hapana hesabu, na hesabu huja baadaye ikiwa imekusanyika. Tatu, aliyeiharibu afya kwa miaka asitake kuirudisha kwa siku moja, kwani dawa ikizidi kiasi nayo ni ugonjwa.

Na sisi huku pwani tujitazame. Mtu hutia vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe, hula mahamri asubuhi na halwa jioni, huketi barazani tangu alasiri hata ishaa, kisha huketi na miraa na sigara mpaka usiku mkuu, na sala ya alfajiri ikampita. Anapoambiwa ana sukari au presha, husema ni kadari ya Mungu, au hukimbilia kuandikiwa kombe. Hatukanushi kadari, na ajali ya mtu haitanguliwi wala haicheleweshwi. Lakini Mola aliyekadiria ugonjwa ndiye aliyekadiria sababu zake, na ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Wala mtu si wa nafsi yake peke yake: ana mke na watoto, na mzee akikatwa mguu kwa sukari, ni nyumba nzima inayochechemea.

Hatukutaki, ndugu yetu, uache neema alizozihalalisha Mwenyezi Mungu. Twakutaka uondoke sahanini ungali na hamu, uende msikitini kwa miguu ikiwa waweza, na ulale baada ya ishaa kama ilivyokuwa ada ya Mtume wetu (s.a.w.). Anza kwa moja katika hayo leo hii, ukiwa mzima, wala usingoje siku ambayo tabibu atakuwa hana la kukufanyia.

Wabillahi tawfiq.