Gor Mahia: Maisha ya Mganga na Maisha ya Jina Lake

Safari yangu ya Turkana niliifanya juu ya lori la mizigo lililotoka Mombasa kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Dereva alilala Lodwar. Baada ya sala ya alasiri nilikaa nje ya msikiti na kanzu yangu na kofia, najipangusa vumbi, mara wakanijia vijana wa timu ya mtaa. Kesho yake walikuwa na mechi Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120. Mmoja wao alivaa jezi ya kijani iliyopauka, ya Gor Mahia. Waliniamkia kwa adabu, kisha wakanitolea shilingi 800 walizochangishana, wakaniomba niwaandikie hirizi ya ushindi. Kwao wao, mzee wa pwani mwenye kofia hakosi kuyajua mambo hayo.

Nilizirudisha fedha zao. Nikamwuliza mwenye jezi kama anamjua mtu aliyembeba kifuani. Alidhani ni jina la timu tu. Basi nikawahadithia, kama ninavyokuhadithia wewe leo.

Gor alikuwa mtu wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, katika nchi ya Wajaluo iliyo kusini mwa ghuba ya Ziwa Victoria. Alizaliwa kabla ya Waingereza kuishika nchi, akaishi hata akauona utawala wao. Alitoka katika mlango wa Ogalo, na ndiyo sababu washabiki mpaka leo huiita timu yao K'Ogalo. Alikuwa mganga na mkubwa wa watu wake. Mahia kwa Kijaluo ni miujiza, na lakabu hiyo alipewa kwa mambo aliyosifiwa kuyatenda. Husimuliwa kwamba aliweza kujigeuza umbo, adui wakampita wasimtambue. Hayo nawaachia wasimuliaji. Mimi niliyelelewa chuoni sina la kuongeza. Lililo yakini ni kuwa watu walimwogopa na kumtegemea, na alipofikwa na ajali yake akafa kama afavyo kila kiumbe. Jina ndilo lililosalia.

Mwaka 1968 timu za Luo Union na Luo Stars ziliungana, na timu mpya ikapewa jina la mganga huyo. Mwaka ule ule ikatwaa ubingwa wa Kenya. Mwaka 1976 ilimaliza ligi bila kufungwa. Kisha ukaja mwaka 1987: ilitoka sare 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka sare 1-1 Nairobi, na kwa mabao ya ugenini ikalichukua Kombe la Washindi la Afrika. Hakuna timu nyingine ya Kenya iliyopata kombe la bara zima. Katika kikosi kile alikuwamo Abbas Khamis Magongo, maana mpira hauulizi kabila wala dini.

Baada ya ubingwa wa 1995, nyota ikazama. Viongozi waligombana, fedha zikapotea njia, wachezaji wakahama. Miaka 18 ilipita bila ubingwa. Hapo nikawauliza vijana: mganga alikuwa wapi miaka yote hiyo? Jina lilikuwa lile lile, na jezi ni ile ile ya kijani.

Ubingwa ulirudi 2013, kocha akiwa Bobby Williamson, Mskoti, na mabao yakifungwa na akina Dan Sserunkuma wa Uganda. Mwaka 2015 timu ilimaliza tena ligi bila kufungwa, na kufikia 2024 ilikuwa imetwaa ubingwa mara 21. Lililolifufua jina la Gor ni mazoezi, usajili mwema, na washabiki waliolipa kiingilio hata zama za njaa.

Nikawakumbusha pia Awer Mabil, aliyezaliwa mwaka 1995 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko huko walikokuwa wakienda. Aliuanza mpira kwa soksi zilizoviringishwa. Mwezi wa Juni 2022 aliifungia Australia penalti katika mikwaju iliyoitoa Peru, wakaenda Kombe la Dunia.

Vijana waliondoka kimya. Kesho yake lori letu lilisimama Kakuma, nikaenda kuwatazama. Walifungwa 2-1. Mwenye jezi alinifuata akasema, bila ya kunivunjia heshima, kwamba lau ningaliandika wangalishinda. Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilimwuliza tu wiki ile walifanya mazoezi mara ngapi. Akainama. Mara moja, alisema, kwani mpira wao ulikuwa umepasuka.

Jioni, lori likiwasha moto kuondoka, niliwaona kando ya mto mkavu wa Tarach. Walikuwa wakipigiana pasi, na mpira ulikuwa mpya.