Kadhi Aliyekuwa Mlezi

Twamkumbuka leo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891. Babaye alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, akawakemea Waislamu wenziwe kwa kupuuza elimu, ya mabinti pia. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Alitamani mwanawe Ali akasome Al-Azhar, lakini mauti yalimchukua mwaka 1947, mtoto akiwa na miaka 14 tu. Ali hakuwa kadhi. Akawa profesa mashuhuri wa siasa, asiyechelea kuwakosoa wakubwa. Basi, kwa maoni yetu, urithi bora wa mzazi si cheo chake, bali ni ujasiri wa kusema kweli.