Ada Lovelace: Aliyeandika programu kabla kompyuta haijakuwepo

Februari 1840 Ada Lovelace alikuwa na miaka 24, mama wa watoto watatu, na kulikuwa na mchezo unaomsumbua kichwa: solitaire. Siyo ile ya karata. Hii ni ya ubao wenye matundu na vijiti. Kijiti kinaruka jirani yake, aliyerukwa anatolewa, mpaka kibaki kimoja tu. Unaonekana mchezo wa watoto, ila ukijaribu unakwama vijiti kadhaa vikiwa bado ubaoni.

Ada alikuwa ameshaupatia kwa kujaribu na kukosea. Wengine wangeishia hapo. Yeye akamwandikia barua rafiki yake Charles Babbage, mwanahisabati aliyekuwa akibuni mashine ya kukokotoa, akitaka kujua kama ushindi ule unaweza kuwekwa kwenye kanuni ya hesabu.

Anayejifunza programu analijua swali hilo. Kupatia wewe mwenyewe hakutoshi. Lazima uandike hatua ambazo hata mashine isiyojua kukisia itazifuata.

Ada hakuwa na chuo cha kwenda. Vyuo vikuu vya Uingereza havikupokea wanawake. Alizaliwa London mwaka 1815, wazazi wakaachana akiwa kichanga. Baba yake ni yule mshairi Byron. Mama alimtafutia walimu wa nyumbani, na ukubwani, mwaka huohuo wa 1840, akaanza kusoma hesabu kwa barua na Augustus De Morgan. Akikwama anaandika, kisha anasubiri posta.

Mwaka 1843 ikatoka tafsiri yake ya makala ya Luigi Menabrea, iliyoandikwa kwa Kifaransa, kuhusu mashine mpya ya Babbage. Maelezo aliyoyaongeza yalikuwa marefu karibu mara 3 ya makala yenyewe! Humo mna jedwali linaloonyesha, hatua kwa hatua, jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli. Wengi huliita programu ya kwanza duniani, ingawa wapo wanaobisha kwamba Babbage alishaandika zake kabla.

Mashine yenyewe haikujengwa. Kwa hiyo Ada hakupata kuona kama kazi yake inakubali. Aliikagua kwa kalamu na karatasi.

Saratani ya mji wa mimba ilimuua Novemba 27, 1852, akiwa na miaka 36. Alizikwa Hucknall, kando ya baba ambaye hakuwahi kumjua.