Mlinzi wa Mbegu Aliyekufa kwa Njaa

Mimi ni mwanaisimu, wala si bingwa wa kilimo. Hata hivyo, katika taaluma yangu twashikilia kwamba pale ambapo lugha za ukoo mmoja zinatofautiana mno ndipo aghalabu palipo chimbuko la ukoo huo. Ndiyo maana chimbuko la lugha za Kibantu hutafutwa mpakani mwa Nijeria na Kameruni. Hoja kama hiyo ndiyo aliyoitumia Mrusi Nikolai Vavilov kutafuta chimbuko la mimea.

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka wa 1887, katika nchi iliyozoea baa la njaa. Aliamini kwamba uwezo wa ngano kuhimili maradhi na ukame umo katika urithi wa mbegu, na kwamba urithi huo sharti utafutwe mashambani mwa wakulima wa jadi. Alifika Afghanistan mwaka wa 1924 na Uhabeshi mwaka wa 1927, akakusanya ngano za kila namna. Hazina hiyo ilihifadhiwa Leningrad.

Utafiti wa urithi huchukua miaka mingi, ilhali Stalin alitaka mavuno ya haraka. Trofim Lysenko, aliyeipinga elimu ya jeni, akamwahidi hayo. Vavilov alikataa kuikana taaluma yake. Alikamatwa mwaka wa 1940 na kuhukumiwa kifo mwaka uliofuata, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Januari 1943 alikufa gerezani mjini Saratov, mwili umedhoofishwa na njaa. Huko Leningrad, mji uliozingirwa na majeshi ya Ujerumani, baadhi ya wenzake walikufa kwa njaa wakilinda mbegu ambazo wangeweza kuzila.

Je, hayo yatuhusu? Yatuhusu sana. Kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, iliingia Kenya na kuishambulia ngano yetu. Huko Njoro watafiti wamepima maelfu ya aina za ngano, wakisaka zenye jeni za kuihimili. Baadhi ya jeni hizo hutoka katika ngano za kale na jamaa zake za mwituni.

Kwa hivyo, wanaogawa fedha za umma wakumbuke kwamba utafiti wa mbegu si zao la msimu mmoja, wala hauendeshwi kwa amri. Mahakama ya Kisovieti ilimfutia Vavilov hatia mwaka wa 1955. Wakati huo alikuwa kaburini kwa miaka 12.