Wahome Mutahi: Kejeli iliyoushinda utawala wa hofu

Wahome Mutahi alizaliwa Nyeri mwaka wa 1954, lakini Wakenya wengi walimjua kama Whispers, jina la safu yake ya gazetini iliyowachekesha kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1986 alikamatwa pamoja na nduguye, wakituhumiwa kuhusika na kundi haramu la Mwakenya. Aliteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, kisha akafungwa katika gereza la Kamiti, lisilo mbali na Ruiru. Masaibu hayo yalizaa riwaya yake ya mwaka wa 1991, Three Days on the Cross.

Hakuishia vitabuni. Alitunga michezo ya kuigiza kwa Kikuyu, ukiwemo Mugaathe Mubogothi, uliomdhihaki mtukufu mwenye kupayuka, akaipeleka katika baa, walikobarizi raia wa kawaida.

Desemba 2002 KANU iling'olewa na Rais Moi akastaafu. Je, msanii aliyezoea kupambana na dikteta angesalia na kazi gani? Mutahi alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo. Katika How to Be a Kenyan cha mwaka wa 1996, alimkejeli mwananchi mwenyewe na tabia zake.

Hata hivyo, uhuru huo mpya hakuufaidi. Machi 2003 alifanyiwa upasuaji mdogo mjini Thika, asizinduke tena. Alifariki Julai 22 jijini Nairobi. Utawala alioukejeli ulikuwa umeondoka. Tabia alizozikejeli zilisalia, zikimsubiri mrithi wa kalamu yake.