Semei Kakungulu na Sikukuu ya Purimu

Mara nyingi Kwaresima yetu hukutana na sikukuu ya Kiyahudi iitwayo Purimu, inayoadhimishwa tarehe 14 ya mwezi wa Adari, yaani Februari au Machi kwa kalenda yetu. Wengi wetu hudhani ni sikukuu ya mbali. Kumbe huadhimishwa pia na jumuiya ya Waafrika karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda. Jumuiya hiyo ilianzishwa na Semei Kakungulu.

Kakungulu alizaliwa Koki mnamo mwaka 1869. Katika Buganda alipata sifa ya ujemadari upande wa Waprotestanti, wakati wa vita vya dini vilivyowaumiza Wakatoliki. Majeraha hayo si mageni kwetu, kwa maana wamisionari walioipeleka imani Katoliki Buganda walisafiri katika msafara mmoja na wale waliofika Ujiji Januari 1879. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata wafalme Mwanga na Kabalega, kisha akawatiisha watu wa mashariki kwa faida ya Waingereza, akitumaini kupewa ufalme wake mwenyewe. Hakupewa.

Aliyewanyang'anya wengine enzi zao naye akanyimwa enzi. Mwaka 1913 alijiunga na dhehebu la Bamalaki, lililoshika Sabato na kukataa dawa, fundisho ambalo Kanisa haliwezi kulikubali. Akizidi kuyasoma Maandiko, mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake walipopinga kwamba hiyo ni desturi ya Kiyahudi, akajihesabu kuwa Myahudi. Mwaka uliofuata, mgeni Myahudi aitwaye Yosefu aliwafundisha kalenda na sikukuu. Kakungulu alifariki Novemba 1928, akiacha kundi dogo lijulikanalo kama Abayudaya.

Purimu hukumbuka jinsi Hamani, waziri wa Uajemi, alivyopiga kura ili kuchagua siku ya kuwaangamiza Wayahudi wote. Jina la sikukuu latokana na kura hiyo. Esta, yatima aliyelelewa na Mordekai na kufanywa malkia, alifunga siku tatu, kisha akaingia kwa mfalme bila kuitwa, huku akijua kwamba angeweza kuuawa. Taifa likaokolewa. Katika maandishi ya Kiebrania Mungu hatajwi kwa jina hata mara moja. Sala za Esta na Mordekai tunazisoma katika sehemu za Kigiriki zilizomo katika Biblia yetu. Hapo ndipo ilipo maana ya ndani ya Purimu: Mungu haonekani, lakini hajaondoka. Ndiyo maana siku hiyo Wayahudi husoma kitabu cha Esta, hula pamoja, hupelekeana vyakula na kuwapa maskini sadaka.

Abayudaya waliionja maana hiyo. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliiacha, na wachache wakasali kwa siri hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Ufalme alioutamani Kakungulu haukuwapo kamwe, bali sala aliyoiacha ingalipo.

Sisi tunamkiri Kristo, Myahudi kwa mwili, kuwa utimilifu wa ahadi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitufundisha kuheshimu mzizi tuliochipukia na kukataa chuki dhidi ya Wayahudi. Kwa waamini wa Mwamgongo na vijiji vyote vya ufukwe wa Tanganyika, wanaoishi na majirani wa dini nyingine, fundisho hili ni la kila siku. Tusimcheke jirani kwa sababu dini yake ina watu wachache. Tusinyamaze anapoonewa, maana Esta naye angeweza kunyamaza akabaki salama ikuluni. Na katika Kwaresima hii, mtumbwi urudipo na dagaa, fungu moja lifike kwa mjane au mgonjwa kabla ya samaki wote kwenda sokoni, hata kama mjane huyo hasali pamoja nasi.