Marehemu Michael Grzimek na Njia za Wanyama

Sisi wa Njisi tunaujua mpaka: tukivuka mto Songwe tumeingia Malawi. Lakini wanyama hawana habari ya mipaka. Wao hufuata majani na maji. Basi, wasomaji wapenzi, nawaletea habari za kijana aliyezitafuta njia zao.

Michael Grzimek alizaliwa Ujerumani mwaka 1934. Baba yake, Dakta Bernhard, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwaka 1958 walifanya kazi Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia. Serikali ya wakati ule ilikusudia kubadili mipaka ya hifadhi. Basi waliruka chini chini, kipande kwa kipande, wakiwahesabu wanyama na kutia katika ramani mahali makundi ya nyumbu yalipokuwa. Ikaonekana kwamba sehemu ya mwaka makundi hayo hukaa nje ya mipaka iliyokusudiwa.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa, umri wake miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Mwaka huo huo Ngorongoro ikatengwa na Serengeti. Baba yake akaimaliza filamu yao, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Kwetu kusini yuko kima aitwaye kipunji, akaaye misitu ya Rungwe na Livingstone. Kati ya misitu hiyo njia ni nyembamba, na ikikatwa makundi yatatengana. Ndugu wanafunzi, nani atamchorea ramani yake?